Vinasaba na Tofauti za Mwitikio wa Dawa za Sonona na Wasiwasi

Dawa za kutibu sonona na wasiwasi uliopitiliza hazifanyi kazi kwa kiwango kilekile katika kila mwili. Wagonjwa wawili wenye umri na uzito unaolingana wanaweza kupewa dozi moja. Mmoja akapata nafuu, mwingine akaelemewa na usingizi na kizunguzungu.

Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na vinasaba. Nyingi ya dawa hizi huvunjwa katika ini na vimeng'enya viwili, CYP2D6 na CYP2C19. Amitriptyline hupitia vyote viwili. Citalopram na diazepam hutegemea zaidi CYP2C19. Mwenye kimeng'enya dhaifu hulimbikiza dawa katika damu. Mwenye kimeng'enya chenye kasi huiondoa kabla haijamsaidia, na pengine hudhaniwa kuwa hamezi vidonge vyake.

Mgawanyo wa vinasaba hivyo hutofautiana kati ya jamii. Watu ambao CYP2C19 yao haifanyi kazi ni kati ya asilimia 2 na 5 barani Ulaya, lakini hukaribia asilimia 15 katika Asia ya Mashariki. Barani Afrika kuna aina ya CYP2D6 yenye kasi ndogo ambayo ni nadra kwingineko. Hata hivyo, neno "Mwafrika" halimtoshi daktari: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulibaini kuwa takribani asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za CYP2D6, ambazo huharakisha uvunjaji wa dawa.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, katika maelekezo yake ya mwaka 2012, ilitaja kimeng'enya wala si kabila: mwenye CYP2C19 dhaifu asizidishe miligramu 20 za citalopram kwa siku, ili kuepusha hitilafu ya mapigo ya moyo. Aidha, si kila tofauti ni ya vinasaba. Katika jaribio la STAR*D nchini humo, wagonjwa weusi walipona kwa kiwango kidogo zaidi, lakini sehemu ya pengo hilo ilielezwa na hali zao za maisha.

Mgonjwa asiyeona nafuu baada ya wiki 4 hadi 6, au anayepata madhara makali, anashauriwa kurejea kituo cha afya bila kuacha dawa ghafla wala kujiongezea dozi. Ikiwa mzazi au ndugu wa damu aliwahi kudhurika kwa dozi ndogo, mtaalamu aelezwe kabla ya kuandika dawa, kwa kuwa vimeng'enya hivi hurithiwa.