Tauni ya Amwasi na Maradhi ya Ngamia: Mazingatio kwa Mahujaji Wetu

 

Hapa Guta, kandoni mwa Ziwa Victoria, tunafuga ng'ombe na kuvua samaki, ngamia hatuna. Wapo basi wanaouliza: maradhi ya ngamia wa Arabuni yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa mahujaji wetu huenda huko, na kila arejeaye tunampokea kwa kumkumbatia.

Maradhi hayo, yaitwayo MERS, yalitambuliwa mwaka 2012 kwa mgonjwa wa Jeddah. Kirusi chake ni cha jamii moja na kile cha Uviko-19. Huleta homa, kikohozi na kubanwa pumzi; katika kila wagonjwa 100 waliothibitishwa, wapatao 35 hufariki. Hupatikana kwa kukaribiana na ngamia, na watu huambukizana zaidi hospitalini. Mwaka 2015 msafiri mmoja alirejea Korea Kusini kutoka Mashariki ya Kati. Mlipuko uliofuata ulikuwa na wagonjwa 186, wakafa 38.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Zama za tauni ya Amwasi, mnamo mwaka 18 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapata habari, akawashauri Maswahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza: je, ni kuikimbia kadari ya Allah? Umar akamfahamisha kuwa wanatoka katika kadari ya Allah kuingia katika kadari ya Allah. Ndipo Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) akasimulia katazo la Mtume (s.a.w.): tusiingie nchi yenye tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia.

Tunajifunza kwamba kushika sababu hakuvunji tawakali. Hujaji ajiepushe na ngamia na maziwa yao mabichi. Akirudi, akapatwa na homa na kikohozi ndani ya siku 14, aende kituo cha afya na aseme alikotoka. Asione haya, nasi tusimnung'unikie. Salamu ya mdomo yatosha, na mgonjwa ana udhuru wa kutohudhuria Ijumaa. Maimamu wayaseme haya kabla ya safari, si baada ya msiba.

Wallahu aalam.