Mwaka wa Mwanya

Mwaka wa mwanya ni kipindi ambacho mhitimu wa sekondari hukitenga kwa hiari yake kabla ya kuanza chuo kikuu, ili afanye kazi, ajitolee, au ajifunze ufundi au lugha, huku akiwa ameshadahiliwa au ameshaamua kwamba chuoni atakwenda. Kwa Kiingereza huitwa gap year. Hiari ndiyo inayoutofautisha na miezi ya kusubiri. Kijana aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei, anayengoja matokeo, kisha udahili, kisha mkopo, hadi vyuo vinapofunguliwa mwishoni mwa mwaka, hayumo katika mwaka wa mwanya hata kama kusubiri huko kutavuka mwaka mzima. Hakuupanga muda huo, umemkuta.

Desturi hii ilistawi Uingereza katika miaka ya 1960. Shirika la VSO, lililoanza mwaka 1958, hapo mwanzo lilipeleka ng'ambo vijana waliotoka tu shuleni, na mwaka 1967 lilianzishwa Project Trust, ambalo vijana wake wa kwanza walikwenda Ethiopia. Kulikuwa pia na sababu ya kalenda. Waliotaka kuingia Oxford na Cambridge walizoea kurudi shuleni kufanya mtihani maalumu wa kuingilia mwishoni mwa mwaka, na aliyefaulu alianza masomo Oktoba iliyofuata. Katikati ilibaki miezi mingi isiyo na ratiba, naye mwanafunzi nafasi yake chuoni alikuwa nayo mkononi. Ni uhakika huo uliowapa wazazi moyo wa kuwaruhusu watoto wao waondoke.

Denmark ilikuwa na njia yake ya zamani zaidi. Shule za wananchi zilizotokana na mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig, ya kwanza ikifunguliwa Rødding mwaka 1844, hupokea vijana wanaoishi na kusoma pamoja kwa miezi kadhaa bila mitihani wala alama, na wengi hupitia huko kabla ya chuo kikuu. Marekani ilichelewa kuizoea desturi hii. Chuo Kikuu cha Princeton kilianza mwaka 2009 kuwapeleka nje ya nchi baadhi ya wanafunzi wake wapya kwa miezi tisa ya huduma kabla ya mwaka wa kwanza, na mwaka 2016 Malia Obama, binti wa Rais Barack Obama, aliahirisha kuingia Harvard hadi 2017, jambo lililowafanya wengi walisikie jina hili kwa mara ya kwanza.

Tanzania iliwahi kwenda mbali kuliko zote hizo. Azimio la Musoma, lililopitishwa na chama tawala cha TANU Novemba 1974, lilikomesha utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mhitimu alitakiwa kupita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini, na maombi yake ya chuo yaambatane na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la TANU. Hoja ilikuwa nzito: anayekwenda kusomeshwa kwa jasho la wakulima aijue kwanza kazi, na wanaofanya naye kazi wawe na kauli juu yake. Muda si mrefu idadi ya wasichana walioomba ilishuka, kwa kuwa aliyeingia kazini aliweza kuolewa na kulea kabla zamu yake ya chuo haijafika, nao wakaruhusiwa kupita moja kwa moja. Baadaye sharti lenyewe lililegezwa kwa wengine pia. Huo haukuwa mwaka wa mwanya, kwa kuwa ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, swali la kijana ajue nini kabla ya kuingia darasani tena halijawahi kuulizwa kwa uzito kama ule Afrika Mashariki.

Kuhusu jina, tafsiri zinazokuja haraka zina kasoro. "Mwaka wa mapumziko" unamwonyesha kijana aliyelala, ilhali kiini cha jambo ni kazi. "Likizo" hupewa aliyekwisha ajiriwa au kuandikishwa. "Mwaka wa pengo" unafuata umbo la Kiingereza, lakini pengo ni nafasi ya kitu kilichotoka: jino lililong'olewa, marehemu aliyeacha pengo. Mwanya ni nafasi iliyopo bila kitu kupotea, kama ule wa meno ya mbele unaohesabiwa kuwa uzuri, na aliyepata mwanya wa kufanya jambo amepata fursa. Maana hizo mbili, nafasi na fursa, ndizo hasa zinazohitajika. Kweli, mianya ya rushwa na ya kukwepa kodi nayo husemwa kila siku, lakini ndani ya fungu "mwaka wa mwanya" maana hiyo haipati pa kushika. Wingi wake ni miaka ya mwanya.

Mwaka huu hupata thamani kutokana na kazi yenye mtu anayeitegemea. Mhitimu anayejitolea kufundisha Hisabati katika shule ya kata yenye upungufu wa walimu hukuta wanafunzi wa kidato cha pili wanaojumlisha nusu na theluthi wakapata mbili ya tano, kwa kuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Itambidi akate chungwa, achore, arudie, hadi aone kosa linaanzia wapi. Akimaliza mihula miwili anajua kama ualimu anauweza na kama anaupenda, na anaijaza fomu ya chuo kwa ujuzi huo. Wiki mbili za kupiga picha na watoto katika kituo cha yatima, kama zinavyouzwa kwa vijana wa Ulaya wanaokuja Arusha na Moshi, hazimfundishi mgeni kiasi hicho, na watoto huachwa wakizoea na kuagwa kila mara.

Istilahi mbili za jirani hazina budi kutenganishwa na hii. Ahirisho la udahili ni kibali cha chuo kumhifadhia nafasi aliyechaguliwa asiyejisajili bado. Si kila chuo hukitoa, na ahadi ya mdomo haitoshi. Ahirisho la masomo humhusu aliyekwisha sajiliwa, akasimama katikati kwa ugonjwa, uzazi au kukosa ada, kisha akarudi kuendelea pale alipoishia.