Shule Isiyo ya Kanisa: Watu wa Huku Waliilipia Kitambo

Mtu akisema tu anataka shule ya umma isiyoegemea dini moja, lazima msee fulani atokee kumwambia hizo ni stori za Wazungu wa mtandaoni. Tulia kwanza. Hayo madai huku Magharibi yamemzidi babu yako umri.

Friends, wale Quaker, walifika Kaimosi 1902. Wakatoliki wakashika Mumias, Waanglikana wakashika Maseno na Butere. Kanisa likiingia mahali, shule inafuata. Ulitaka mtoto ajue kusoma? Unampeleka misheni, anafundishwa katekisimu, anabatizwa, anarudi nyumbani na jina jipya. Mlango ulikuwa huo mmoja. Sisemi hawakufanya kazi, maana Lugulu na Kamusinga hazikuota zenyewe kama uyoga. Nasema tu hukuwa na pa kuchagua.

Sasa sikia hii, maana darasani huwa inapitwa mbio. Miaka ya 1920 mkoloni alianzisha mabaraza ya wenyeji, DC akiwa mwenyekiti. Baraza la North Kavirondo, wilaya iliyobeba Bungoma yote hadi huku Chwele, likaanza kutoza watu wake ushuru na kudai shule ambayo misheni haiishiki. Fikiria: watu wa baraza wengi wao walikuwa wamesomea misheni na bado ni waumini, lakini wanasema shule iwe ya wote. 1932 ikafunguliwa Government African School Kakamega. Unaijua. Ni Kakamega School, wale Green Commandos wa mpira.

Wengine hawakungoja baraza. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa mtu wa Friends mpaka alipooa mke wa pili wakamtoa. Dini ya Msambwa aliyoiongoza ilitaka wamisheni waende kwao kabisa. Februari 1948 wafuasi waliandamana hadi misheni ya Kibabii (hapo unapopita ukitoka Bungoma kuja Chwele), na siku chache baadaye, tarehe 10, polisi wakafyatua risasi kwenye umati Malakisi. Watu 11 wakafa. Hasira yao haikuwa ya shule peke yake, kulikuwa na mashamba na kodi pia, lakini misheni ndiyo ilikuwa sura ya hayo yote.

Uhuru ukaja. Ripoti ya Tume ya Ominde, 1964, ikasema elimu ni kazi ya serikali na haina dini. Sheria ya Elimu ya 1968 ikazitoa shule mikononi mwa makanisa, halafu ikawaachia cheo: sponsa. (Sio yule wa Nairobi, jameni.) Hapo ndipo tulipokwama. Serikali inalipa mwalimu, mzazi analipa karo, lakini sheria ya 2013 inampa sponsa viti 3 kwenye bodi na kazi ya kulea wanafunzi kiroho. Sheria hiyo hiyo inasema imani ya wengine ilindwe. Nani analinda? Mara nyingi ni mwalimu mkuu, ambaye anajua sponsa anamwangalia.

Ndio maana watu huishia kortini. 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa Waadventista haki ya kuabudu Jumamosi wakiwa shuleni. 2019, kwenye kesi ya hijabu ya shule moja Isiolo iliyo chini ya Wamethodisti, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa wasichana kwa sababu ya utaratibu wa kesi, ikaiambia wizara itengeneze mwongozo.

Mzazi wa Chwele hana pesa ya wakili wa Nairobi. Akiwa Mwislamu, au hana dini, au ni Mkatoliki na shule ya karibu ni ya Friends, chaguo lake ni nauli na karo ya bweni mbali. Basi tuanze na kitu kidogo: shule mpya ikijengwa kwa kodi yetu, ile sehemu ya sponsa iachwe wazi. Ushuru wa 1932 ulilipiwa hiyo.