Simu Yako Ilikaguliwa Mpakani, Sasa Unatakiwa Nchi Nyingine: Unaweza Kupinga?

Wadau wa Kasulu na Kibondo, hili swali si la wakubwa peke yao. Vijana kibao wanavuka Mabamba na Manyovu na mizigo, simu mfukoni.

Afisa forodha anaweza kukagua mzigo wako bila hati ya mahakama. Ndiyo kazi yake, anatafuta bidhaa na ushuru. Polisi anayesaka ushahidi wa jinai kabanwa na masharti zaidi. Sasa ngoma iko hapa: polisi akimtumia mtu wa forodha kumfanyia kazi yake, halafu nchi nyingine ikakutaka wewe, itakuwaje?

Kesi iliyovuma ni ya Meng Wanzhou, bosi wa fedha wa Huawei. Desemba 1, 2018 alishuka uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, hati ya kumkamata kwa ombi la Marekani ikiwa tayari. Badala ya kumkamata papo hapo, watu wa mpakani walimweka karibu saa tatu nzima, wakamhoji, wakachukua simu zake na namba za siri. Ndipo polisi wakamwambia yuko chini ya ulinzi. Namba zile zikaishia kwa polisi, na idara ya mpaka ikakiri lilikuwa kosa. Mawakili wakadai ukaguzi ule ulikuwa geresha, wakaomba shauri zima lifutwe. Jaji hakuwahi kutoa uamuzi, maana Septemba 24, 2021 Meng alifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa Marekani akarudi China. Kwa hiyo anayekwambia alishinda kwa hoja ya simu anakupiga fiksi.

Kwetu inatumika sheria ya 1965 ya kurejesha watuhumiwa, Sura ya 368. Ombi linapita kwa waziri, kisha kwa hakimu. Hakimu hasemi una hatia au huna, anaangalia kama ushahidi unatosha kukufungulia kesi. Hapo hoja ya ukaguzi inakuwa ngumu, kwani maelezo yaliyothibitishwa huko nje yanapokelewa, na utaambiwa kayapinge hukohuko kwenye kesi yenyewe.

Lakini kama simu ilichukuliwa hapahapa Tanzania, una pa kushika. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo, katika kile kifungu kilichozoeleka kama cha 169, inaruhusu mahakama kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuivunja, na mzigo wa kuishawishi iupokee uko kwa upande wa mashtaka. Mimi naona ni hoja nzuri, ila si tiketi ya kutokea.

Maombi hukataliwa kweli. Mwaka 2004 mahakama ya Dar ililikataa la Rwanda kumhusu Meja Bernard Ntuyahaga. Hakupona hata hivyo, alienda Ubelgiji na mwaka 2007 akafungwa miaka 20.

Yakikukuta, andika saa: ukaguzi ulianza lini, simu ilichukuliwa na nani, lini uliambiwa umekamatwa. Hoja ya Meng kuhusu ukaguzi ilizunguka hapo. Dai karatasi ya vitu vilivyochukuliwa. Mkimbizi wa Nyarugusu aseme mapema kwamba ni mkimbizi, na kama kosa lina sura ya kisiasa, sheria inakataza kumkabidhi mtu.

Hakimu akikubali ombi, hupandishwi ndege kesho yake. Una siku 15 za kwenda Mahakama Kuu kupinga kushikiliwa kwako, na wakili atafutwe siku ya kwanza, si ya kumi na nne.