Habari za Ardhi ya Wameru na Maana ya Yubile

Katika kitabu hiki tunasimuliana jinsi Injili ilivyofika kwetu, na jinsi makanisa, shule na hospitali zilivyojengwa. Ni vema, maana asiyekumbuka hawezi kushukuru. Walakini mtu akilitafuta neno yubile mahali lilipozaliwa, katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, ataona ya kuwa habari yake kubwa si nyimbo wala karamu, bali ni ardhi na uhuru. Mwaka wa hamsini ulipofika, shamba lililouzwa kwa sababu ya shida lilirudi kwa jamaa ya mwenyewe, kwa kuwa ardhi ni ya Mungu, na wanadamu ni wageni tu juu yake. Basi sisi tukaao chini ya Mlima Meru hatuwezi kufanya yubile bila kutaja habari za ardhi yetu. Tena habari hizo zilianza pamoja na habari za kanisa, wala hazitengani nazo.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Watu wa mlima walidhani ya kuwa hao ndio watangulizi wa askari wa Wadachi, nao hawakutaka kutawaliwa. Damu ile ilikuwa damu isiyo na hatia, na kila mwaka twaikumbuka kwa heshima. Lakini yatupasa kukumbuka na yaliyofuata. Kapteni Johannes alikuja kutoka Moshi na jeshi lake, wakaua watu wengi, wakachoma nyumba na migomba, wakachukua ng'ombe wengi mno. Mwaka wa 1900 mangi wa Wameru alinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli na wakuu wengine. Boma la Arusha, lile ambalo leo ni nyumba ya makumbusho, lilijengwa siku zile kwa kazi ya kulazimishwa. Hao wawili walikuja kuhubiri msamaha, na vifo vyao vikafanywa sababu ya kisasi.

Baada ya ng'ombe ikafuata ardhi. Serikali ya Wadachi iliwagawia walowezi mashamba makubwa chini ya mlima, na miongoni mwao walikuwamo Makaburu waliohama Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama mshipi uzungukavyo kiuno. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, ambamo watu walikatazwa kulima. Chini kulikuwa na mashamba ya walowezi. Wameru na Waarusha walikuwa katikati, nao walizidi kuongezeka. Misioni nayo ilirudi, ikafungua kituo cha Nkoaranga mwaka wa 1902 na cha Ilboru mwaka wa 1904. Ilileta neno la uzima, ilileta na kusoma. Lakini ilikaa chini ya ulinzi wa serikali ile ile iliyotwaa mashamba. Hilo nalo tuliandike, maana kanisa lifichalo sehemu ya habari zake haliwezi kuwaonya wengine.

Waingereza walipowashinda Wadachi, watu walitumaini ya kuwa ardhi itarudi. Haikuwa hivyo. Mashamba mengi ya Wadachi yaliuzwa kwa wageni wengine, Wagiriki na Waingereza na wengineo. Sehemu kidogo Wameru waliipata tena, lakini kwa kuilipia fedha. Fikiri, msomaji: mtu amenyang'anywa shamba la baba yake, kisha analinunua kwa fedha ya kahawa yake, naye anahesabiwa kuwa amefanyiwa hisani.

Wengine walikwenda na mifugo yao upande wa kaskazini wa mlima, katika nchi ya Engare Nanyuki. Kwa lugha ya Kimasai jina hilo maana yake ni maji mekundu. Ni nchi kavu kuliko ile ya migombani, lakini ina majani ya malisho, nao wakaifanya makao yao.

Baada ya Vita Kuu ya pili serikali ilimtuma Jaji Mark Wilson kuchunguza shauri la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, naye taarifa yake ilitoka mwaka wa 1947. Alitaka kuondoa mchanganyiko wa mashamba ya wageni na ya wenyeji, kila watu wakae upande wao. Basi ikaamuliwa ya kuwa Wameru wa Engare Nanyuki waondoke, ili nchi ile iwe ya wafugaji wa Kizungu, nao wahamie Kingori. Wameru walikataa. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1951 askari walikuja wakawaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa moto, na mali zao zikapakiwa katika magari.

Sasa tusiwasingizie watu wa serikali ile. Hawakusema, "Tunaiba." Walitoa sababu tatu, na kila moja yafaa kupimwa katika mizani. Kwanza walisema ya kuwa nchi ile itazaa nyama na maziwa mengi zaidi mikononi mwa wafugaji wenye elimu na mtaji, na hiyo ni faida ya nchi nzima. Pili walisema ya kuwa magonjwa ya mifugo yatazuiwa vema mashamba yakitengwa. Tatu walisema ya kuwa Wameru wanapewa ardhi nyingine pamoja na fidia ya fedha, kwa hiyo hawapati hasara.

Sababu ya kwanza yahusu faida. Faida ya wote ni neno zuri. Lakini ikiwa ni ya wote, mbona mzigo wake waliubeba watu wa upande mmoja tu? Hakuna mlowezi aliyetolewa nyumbani mwake kwa moto ili nchi ipate maziwa. Sababu ya pili yahusu maarifa, na maarifa hufundishwa. Mtu asiyejua kuogesha ng'ombe wake hufundishwa kuwaogesha, hafukuzwi malishoni.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ndiyo iliyowadanganya hata watu wema. Wengi hudhani ya kuwa palipo na malipo pana haki. Lakini wenye hekima wa zamani, tangu Aristotle wa Uyunani hata Mtakatifu Thomas wa Akwino, walipofundisha habari za haki katika kununua na kuuza, hawakutazama bei peke yake. Walifundisha ya kuwa biashara ya haki ni ya watu wawili ambao kila mmoja ana hiari yake. Mimi nikija kwako na bunduki, nikatwaa ng'ombe wako, kisha nikaweka mezani shilingi zilizo sawa na bei ya mnadani, sikununua. Nimepora, kisha nimelipa.

Tena neno hili Biblia imekwisha kulieleza, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kumnyang'anya Nabothi shamba lake la mizabibu. Alianza kwa kumwahidi shamba lililo bora kuliko lile, au fedha kwa thamani yake. Kwa kipimo cha soko ahadi ile ilikuwa njema. Lakini Nabothi alikataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi si bidhaa. Ahabu hakukosea hesabu ya bei. Kosa lake ni kutoweza kuvumilia ya kuwa mnyonge amwambie mwenye nguvu, "Sitaki." Wameru nao walisema hivyo hivyo. Wengi walikataa kuipokea fidia, maana walijua ya kuwa mkono ukipokea fedha, kinywa kimekubali.

Nao hawakupigana. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York mwaka wa 1952, pamoja na mwanasheria wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Tanganyika wakati ule ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilipaswa kutoa hesabu mbele ya Umoja wa Mataifa. Huko Kirilo alisimama mbele ya mataifa, akaeleza yaliyowapata watu wake. Kamati iliyosikiliza iliwaunga mkono, lakini katika Mkutano Mkuu kura hazikufika theluthi mbili, na azimio halikupita.

Basi je, walishindwa? Kwa siku ile, ndiyo. Walakini shauri la Wameru lilienea katika Tanganyika yote, na watu wengi walielewa ya kuwa mtu asiye na sauti katika serikali hana ulinzi wa shamba lake. Mwaka wa 1954 chama cha TANU kilianzishwa, na mwaka wa 1955 Julius Nyerere alisimama katika Umoja wa Mataifa, mahali Kirilo alipotangulia. Ufugaji ule wa Engare Nanyuki haukusitawi kama ulivyotazamiwa, na baadaye Wameru walirudi. Leo ukifika huko utawakuta wakilima nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji.

Ndugu zangu, ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukawalaumu Wadachi na Waingereza, kisha tukaenda karamuni. Lakini Ahabu hana kabila. Siku hizi hakuna jaji atumwaye kutuhamisha mlimani; ni sisi kwa sisi tugombeao vihamba. Mume akifa, mara nyingine ndugu zake humwambia mjane, "Tutakupa kitu kidogo, urudi kwenu." Hayo si maneno ya fidia ya Kingori? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria ikiwa Dodoma na mjane yuko peke yake migombani, ni nani atakayesimama naye asipokuwa mkristo jirani yake? Vivyo hivyo kijana amwuziaye mgeni kiwanja cha urithi bila kuwauliza mama yake na dada zake amepokea bei ya soko, wala hakutenda haki.

Katika Mambo ya Walawi baragumu ya yubile haikupigwa siku ya karamu. Ilipigwa siku ya upatanisho, watu walipokwisha kuziungama dhambi zao. Basi kabla hatujaimba, kila mmoja wetu aende mpakani mwa shamba lake, aitazame mipaka, ajiulize kama ndani yake limo shamba la Nabothi. Likiwamo, alirudishe. Ndipo yubile yetu itakuwa yubile kweli.