Prosesa Zisizo na Saa: Historia Isomwapo kutoka Nduta

Historia ya prosesa zisizo na saa aghalabu husimuliwa kama historia ya kushindwa. Insha hii inadai kuwa hukumu hiyo hutolewa na watu ambao umeme kwao si haba. Ikisomwa kutoka Nduta, wilayani Kibondo, historia hiyohiyo huzua swali tofauti: gharama ya mapigo ya saa hulipwa na nani?

Neno lenyewe lahitaji ufafanuzi. "Saa" ya prosesa haioneshi wakati. Ni mpigo wa umeme unaosambazwa katika saketi nzima mamilioni ya mara kwa sekunde, ili sehemu zote zisogeze kazi kwa pamoja. Muda kati ya mpigo na mpigo hupangwa kwa kufuata sehemu iliyo ya polepole kuliko zote, nyingine husubiri. Tena mpigo hula nishati hata pasipo na kazi. Katika usanifu wa asinkroni, sehemu yenye data hupiga hodi kwa jirani yake. Jirani akiwa tayari hupokea, huitikia, kisha hungoja hodi nyingine. Asipobisha mtu, saketi hukaa kimya, na ukimya huo hugharimu kidogo mno.

Fikra hii ni ya zamani. Mashine iliyojengwa Princeton chini ya John von Neumann, na ILLIAC ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyoanza kazi mwaka 1952, hazikuendeshwa kwa saa kuu moja. David Muller wa Illinois aliiwekea misingi ya kinadharia katika miaka hiyohiyo ya 1950. Kwa nini basi saa ilitawala? Kwa sababu humrahisishia msanifu kazi: vurugu za ishara kati ya mapigo hazina madhara, ilhali pasipo saa kila ishara ya kupita yaweza kudhaniwa kuwa ni hodi. Zana za usanifu, majaribio ya viwandani na mitaala ya vyuo vikajengwa juu ya urahisi huo.

Mwaka 1989 kikundi cha Alain Martin, California, kilitoa mikroprosesa ya kwanza ya asinkroni. Kisa cha Manchester, hata hivyo, kinatuhusu zaidi. Steve Furber, mmoja wa wasanifu wa ARM ya kwanza, aliongoza huko utengenezaji wa AMULET, yaani ARM isiyo na saa. AMULET1 haikuishinda ARM6 yenye saa. AMULET2e ya mwaka 1996 iliweza kusimama kabisa ilipokosa kazi na kuamka papo hapo. ARM yenye saa ndiyo iliyoenea, nayo imo katika simu nyingi zinazotumika leo Kibondo na Kasulu; wasanifu wa prosesa za saa nao walizoea kuzima mapigo katika sehemu zisizo na kazi. Kwa maoni ya mtafiti, mbinu hiyo ni nusu ya hoja ya wapinzani wao.

Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Wilaya zinazoizunguka zilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Kwa mkimbizi, simu iliyozimika ni jamaa asiyepatikana. Itapingwa kuwa kioo na redio ya simu hula umeme mwingi kuliko prosesa. Pingamizi hilo ni sahihi, na insha hii haidai kuwa AMULET ingalitatua tatizo hilo. Hoja ina nguvu kwa vifaa vinavyongoja: kihisi cha kina cha maji kisimani, kwa mfano, ambacho huamka kwa nukta chache na kulala kwa saa nzima kikitegemea paneli ndogo ya jua. Ni kwa sababu ya namna hiyo Philips, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitia chipu isiyo na saa ndani ya peja, kifaa ambacho karibu maisha yake yote hungoja tu kuitwa.