Mahali Patulivu katika Mtihani wa Kiingereza: Historia Fupi ya Swali Moja

Miongoni mwa maswali ambayo mtahiniwa wa Kiingereza huweza kukutana nayo katika mtihani wa mazungumzo, kuna moja lionekanalo jepesi: aeleze mahali patulivu apendapo kwenda. Kadi anayopewa humtaka aseme mahali hapo ni wapi, alipajuaje, hufanya nini akiwa hapo, na kwa nini anapapenda. Hupewa dakika moja ya kujiandaa, kisha husema peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, Kisangani au Bukavu atafutaye nafasi ya masomo ya juu katika nchi za Kiingereza, dakika hizo huweza kumfungulia mlango au kumfungia. Kwa sababu hiyo yafaa kuuliza swali hili lilitoka wapi, na hupima nini hasa.

Zoezi la kueleza mahali ni kongwe. Katika karne ya 4, Aphthonius wa Antiokia aliandika kitabu cha mazoezi 14 ya ufasaha wa Kigiriki, kuanzia ngano fupi hadi mazoezi magumu zaidi. Mojawapo lilikuwa maelezo: ya watu, ya matukio, ya nyakati, ya mahali. Mfano alioutoa mwenyewe ulihusu kilima cha hekalu mjini Alexandria, nchini Misri. Shabaha ya zoezi hilo ilikuwa kumfanya msikilizaji auone kwa macho ya moyo mji ambao huenda hajapata kuukanyaga. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 16 kilitumika sana katika shule za Ulaya, zikiwemo zile za Uingereza. Hivyo wazo la kwamba ustadi wa lugha hudhihirika katika kueleza mahali lilikuwa limezama katika elimu ya huko muda mrefu kabla ya kuwako mtihani wa Kiingereza kwa wageni.

Mtihani wa namna hiyo ulianzishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1913. Watahiniwa wa kwanza walikuwa watatu tu, na wote walishindwa. Walikaa katika mtihani kwa muda wa saa 12 hivi, wakifanya tafsiri, sarufi, insha, fasihi na fonetiki. Na kwa upande wa mdomo walipewa imla, kusoma kwa sauti, na mazungumzo. Yaani tangu mwanzo mtahini alitaka kukisikia Kiingereza kikisemwa. Lakini kukisikia ni jambo moja, na kukipima kwa haki ni jambo jingine. Mwaka 1945 Jack Roach, mmoja wa wasimamizi wa mitihani hiyo, aliandika ripoti juu ya matatizo ya mitihani ya mdomo, na miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha ni jinsi ya kuwafanya watahini tofauti watumie kipimo kimoja. Watahini wawili huweza kumsikiliza mtu yuleyule, kila mmoja akampa alama zake.

Tatizo hilo ndilo linaloeleza sura ya kadi ya leo. Mwaka 1980 British Council na Cambridge walitoa mtihani mpya kwa wanafunzi wa kigeni waliotaka kusoma Uingereza, ambao ulikuwa na mahojiano. Mwaka 1989, Waaustralia walipojiunga, mtihani huo ulibadilishwa ukaitwa IELTS. Kisha mwaka 2001 sehemu ya mazungumzo ilipangwa upya. Ilikuwa imeonekana kwamba watahini walitofautiana katika namna ya kuuliza na kusaidia, na kwamba tofauti hizo ziliweza kumfaidi au kumdhuru mtahiniwa. Tangu hapo mtahini hufuata maneno aliyoandikiwa, na sehemu ya pili ni hiyo ya kadi, ambapo yeye hunyamaza na kusikiliza. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: mtiririko na mshikamano wa maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Ukweli wa habari haumo katika vigezo hivyo. Katika jambo hili kadi inafanana na zoezi la Aphthonius.

Hata hivyo, swali lenyewe si tupu. Linadhania kwamba mtu hupenda kujitenga, na kwamba anapo pa kujitengea. Katika nyumba ya watu kumi, dhana hiyo si ya kawaida. Tena lugha inamtega mtahiniwa. Neno la Kiingereza "quiet" hugawanyika katika Kiswahili: kimya ni kukosekana kwa sauti, utulivu ni hali ya kutosumbuliwa, faragha ni kutoonekana na wengine, upweke ni kukosa mwenzi, na ukiwa unakaribia msiba, ndiyo maana mfiwa huambiwa "makiwa". Anayewaza kwa upweke, kisha akautafuta kwa Kiingereza, huishia kusimulia huzuni ilhali aliulizwa raha.

Lakini lugha hiyohiyo inampa akiba. Kiswahili hutenga mahali kwa namna tatu: chini ya mwembe pametulia, kando ya mto kumetulia, kanisani baada ya ibada mmetulia. Pa- huonyesha mahali mahususi, ku- eneo lisilo na mpaka dhahiri, mu- undani. Hata Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kimepunguza upatanisho huu, bado husema "mu nyumba" na "ku soko". Mwanafunzi aliyezoea kutofautisha pahali, upande na undani anao tayari mpango wa maelezo: aanze na mahali penyewe, aende kwenye mazingira yake, kisha aingie ndani.

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya Kiingereza imepata sababu nyingine karibu na nyumbani. Kwa wengi hapa ni lugha ya tatu au ya nne, iliyofikiwa kwa kupitia Kifaransa. Wapo wanaojitayarisha kwa kukariri hotuba juu ya bustani ya London ambayo hawajaiona. Kubuni mahali hakukatazwi. Hatari iko katika kukariri, kwani sentensi za kuazima hukatika mara msemaji asahaupo neno moja. Mwalimu angewafaa zaidi wanafunzi wake kama angewazoeza kwanza kueleza kwa Kiswahili, kwa dakika mbili bila kusita, ua wa nyuma ya nyumba saa ya alfajiri, au ukumbi wa darasa baada ya wenzao kuondoka, na baadaye kulivusha zoezi hilo hadi Kiingereza.